Filamu ya Gunia Moja

Nimeulizwa hii habari mara ngapi tangu wiki iliyopita? Kila anayepita na kikapu anasimama, "Gogo Rodah, hebu tuambie ile ya filamu," meno yote nje. Gogo kwetu ni bibi mzee; mimi shule niliacha darasa la tatu, sikusomea kuchekesha watu. Lakini kijiwe chetu kina sheria: ukirudishiwa majani ya chai na karani wa kiwanda, hakuna kusemwa kwa mgongo. Unaeleza mwenyewe kwa mdomo wako, halafu benchi hulikalii mpaka raundi yako ijayo ya kuchuma, siku kumi na mbili. Sheria hiyo niliitunga mimi, mwaka ule Koplo alileta majani yamejaa vijiti. Kwa hivyo nitaeleza, mara moja tu.

Benchi liko kando ya kituo cha majani, hapa juu Kimulot, tunapongojea lori la kiwanda. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili. Unatosha makalio matatu na yote yana wenyewe. Kuna Nyabuto, tunayemwita Koplo, kwa sababu alilinda geti la estate miaka kumi na mpaka leo hajavua lile koti. Kuna Kipchirchir, tunamwita Antena, mrefu mwembamba, kazi yake kuinua simu juu akitafuta netiwaki. Na mimi. Tecla, anayetuuzia chai ya thamosi, ana kreti lake. Majani yangu siku hiyo niliyaweka kivulini nyuma ya benchi, gunia la wavu, laini kabisa. Miaka thelathini na nane nimeleta majani hapa, na yalikuwa hayajarudi nyumbani hata siku moja. Hilo kila mtu anajua. Nimehakikisha wanajua.

Siku hiyo lori lilichelewa. Antena akasoma kwa simu ati Hollywood wameishiwa na hadithi, wanarudia tu zile za zamani.

— Si waje hapa, akasema. Niko na moja hawawezi kugusa. Staringi ni Mkipsigis, sisi watu wa mbio, na hajui kukimbia.

— Amevunjika mguu? akauliza Koplo.

— Mzima kabisa. Hajui tu. Wanaanza mbio Londiani. Wenzake wamefika, wameoga, wamekula, wengine wameoa, yeye bado.

— Halafu mwisho anashinda.

— Wapi! Anafika akiwa peke yake, anakuta wanakunja viti. Anauliza, "Nimekuwa namba ngapi?" Filamu imeisha.

— Hiyo si filamu, akasema Tecla. Hiyo ni habari ya shemeji yako.

Koplo akafunga kifungo cha koti. Akifunga kifungo, ujue uongo unakuja.

— Yangu iko na vita. Watu wa kutoka angani wanatua hapa kituoni, wanataka kuchukua dunia yote. Karani anawaambia wapange laini.

— Na wanapanga?

— Watafanya nini? Wanafika mbele, wanaulizwa namba ya mkulima. Hawana. Wanatumwa Litein wakaandikishwe. Litein wanaambiwa walete barua ya chifu. Chifu ameenda matanga.

— Na bunduki zao?

— Zimeisha moto wakingoja chifu. Wakaona heri wapande viazi. Saa hii watoto wao wako shule ya msingi, wanaongea Kikisii safi.

— Kikisii kwa nini, na wametua Kimulot kwa Wakipsigis?

— Dairekta ni nani hapa, mimi au wewe?

Tecla akasema yake ni ya mapenzi. Kijana anapeleka wazee kuposa, na kwa masaa matatu wazee wanaongea habari ya mvua na ng'ombe.

— Na msichana?

— Haonekani. Tunasikia tu sufuria jikoni.

— Sasa wanabusiana saa ngapi? akauliza Antena.

— Nani abusu na wazee wamekaa hapo! Wewe ulilelewa wapi?

Wakanigeukia. Nikasema sina wakati wa upuzi. Koplo akasema, "Mwacheni, Gogo hana filamu." Kwa maneno hayo tu, kama mtoto, nikasimama.

— Yangu ni mwanamke mmoja na gunia moja. Anaamka umande bado uko. Anachuma majani mawili na kichipukizi, si matatu. Goti linauma. Hakuna anayekufa.

— Adui ni nani?

— Jua. Karani. Na watu wa benchi.

— Na mwisho wake?

— Karani anaingiza mkono katikati ya gunia mpaka kiwiko. Watu kimya. Anatoa konzi, anaangalia, anasema, "Sawa."

— Halafu?

— Halafu imeisha. Ulitaka nini tena?

Hakuna aliyecheka. Tecla akanimiminia kikombe bila kuitishwa. Haki ya nani, nilifurahi. Antena alikuwa tayari amenyoosha yale majiti yake ya miguu juu ya nafasi yangu, goti likawa linalia, basi nikajitupa tu, nikakaa nyuma yao, nikaendelea. Nikawapa sehemu ya mvua ya mawe, ile iliyomaliza majani ya Konoin nzima. Nikaruka pale pale nilipokaa kuonyesha vile ilipiga bati. Nikaruka vizuri sana. Koplo akapiga makofi.

Lori likaja. Valary, karani, akaingiza mkono katika gunia langu mpaka kiwiko, sawasawa na filamu. Watu kimya. Akatoa konzi. Akaangalia. Hakusema sawa.

— Gogo, haya yana moto. Na yamekuwa mekundu.

— Rudia.

— Yameumizwa, Gogo. Nikipokea haya, kiwanda watanirudishia lori.

Niliwageukia wale wanaume wawili.

— Antena! Ni hiyo miguu yako!

— Gogo, miguu ilikuwa juu ya benchi. Uliza Tecla.

— Koplo basi. Wewe na vita vyako.

— Mimi sijagusa, naapa kwa hili koti. Labda ng'ombe amepita.

— Ng'ombe gani hapa? akasema Antena. Ni joto la dunia, nilisoma kwa simu.

— Ama kiwanda wamebadilisha macho ya karani, akasema Koplo.

Kwenye laini alisimama msichana ameshika kikapu kwa mikono miwili. Marcella, mke mpya wa kwa Gekara. Siku yake ya kwanza kuleta majani.

— Samahani, Gogo, akasema taratibu. Mimi ni mgeni, kwetu hatulimi chai. Kumbe gunia la majani huwa linakaliwa?

Koplo alitazama vifungo vyake. Antena aliinua simu juu. Tecla alinishika bega, akanigeuza, na nyuma ya rinda langu kulikuwa na alama ya kijani, upana wa sufuria ya ugali.

Mimi ndiye hufukuza watoto wasiguse magunia. Mimi.

Valary alinihurumia, na hilo liliniudhi kuliko yote.

— Gogo, akasema Koplo, sasa hata Hollywood watainunua. Staringi amekufa.

Nililibeba gunia mwenyewe nikapita mbele ya laini nzima, nikamwaga majani chini ya michai yangu yaoze. Benchi walimpa Marcella nafasi yangu. Hajazoea, anakaa ukingoni kama kuku mgeni, na kila siku anataka kuniinukia. Namwambia akae. Sheria ni sheria.

Sasa nimeeleza, nusu ya adhabu imekwisha. Nusu nyingine inalipwa na goti. Leo ni siku ya nane nimesimama wima kando ya benchi langu, kikombe mkononi, na bado nne.