Kouka Porgo na Miti Ambayo Hakuipanda (1951–2014)

Kouka Porgo alizaliwa mwaka 1951 kijijini Rimsa, mkoani Yatenga, mtoto wa tatu wa Tibo na Hado. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1960 hadi 1963. Mvua zilipokatika, baba yake alimwondoa akachunge mbuzi.

Mwaka 1969 alikwenda Ivory Coast kuvuna kakao. Alirudi 1978, na tarehe 5 Mei 1979 akafunga ndoa na Talato. Ardhi hakuwa nayo. Mwaka 1984, mwaka wa njaa, Mzee Noaga Belem alimwazima kipande kigumu kama kigae, kisichoota hata magugu, kwa sharti la wazee wetu: mwazimwa hapandi mti, maana apandaye mti hudai shamba.

Kila kiangazi Kouka alichimba mashimo, akatia samadi, akapanga mawe ili maji ya mvua yasikimbilie korongoni. Mtama ukaota. Kati ya mtama ikachipua miti, kwa mbegu zilizopita matumboni mwa mifugo. Hakuing'oa. Maji ya mvua yakawa yanazama palepale yalipoangukia. Kisima cha Rimsa, ambacho mwaka 1985 kilidai kamba ya mikono hamsini na bado kikatoa tope, kufikia 2001 kilitosheka na mikono thelathini.

Mwaka huo Mzee Noaga alifariki, na mwanawe Yamba akaja shambani na shoka begani.

"Nani kakuruhusu kupanda miti kwenye shamba la baba?"

"Waulize mbuzi wako, mdogo wangu. Mimi nilitia samadi tu."

"Usinichezee, kaka. Unataka kutunyang'anya ardhi!"

"Haya, kata. Ila kwanza mwambie mkeo atafute kamba ndefu."

Watu walicheka. Yamba hakucheka, wala hakukata. Kwa miaka kumi na mitatu hawakusalimiana, na kila kiangazi Talato aliamka akitega sikio, akingoja mlio wa shoka.

Figo zilianza kumsumbua Kouka Novemba 2013. Mtani wake Drabo, wa kabila la Wasamo, ambao kwa utani hutuita watumwa wao, alimkemea pale kitandani: "We mtumwa wangu, nani kakupa ruhusa ya kufa? Mashimo yangu atachimba nani?" Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamtuma: "Nenda kwa Yamba. Mwambie nisizikwe kwenye ile miti, watu wasije kusema nimeiba ardhi kwa maiti yangu. Shamba ni lake. Naomba asiikate, basi."

Drabo alirudi bila jibu. Siku ile Kouka aliuliza mara tatu kama kuna mtu mlangoni. Alifariki alfajiri ya tarehe 12 Machi 2014.

Maji ya kumwosha yalitoka kisimani Rimsa. Ndoo ya kwanza aliivuta Yamba mwenyewe. Aliipima kamba iliyolowa, mkono baada ya mkono, hadi wa thelathini. Hakuja na shoka.

Ameacha mjane, Talato; watoto wanne, Lassané, Pogbi, Rasmata na Salif; na wajukuu tisa. Anazikwa kando ya baba yake, mbali na kivuli alichokilea.

Alale salama, na kamba yetu isirefuke.