Kengele ya Zuhra

Sogeeni, Shawqi na Iqbal, wanangu, na wewe Gharib, mtoto wa ndugu yangu, usisimame mlangoni kama mgeni, kwa maana niliyowaitia ni yako kwanza, na pumzi iliyobaki hainitoshi kusema mara mbili.

Miaka thelathini na nne niliandika majina ya meli za jeshi hapa Iskandaria. Jina la meli halizikwi. Meli ikivunjwa au ikizama, jina hufutwa kwa wino mwekundu, likangoja, kisha likapewa meli mpya pamoja na kengele ya ile iliyotangulia. Lakini halibebwi na meli mbili kwa wakati mmoja. Baba yangu, Abdul-Shakur, alichochea makaa katika Zuhra ya kwanza. Ndugu yangu Shawqi alikuwa fundi wa mitambo katika ya pili, akinitania kila siku: "Wewe Hilmi, meli zote zimo mkononi mwako, na kivuko tu kinakutapisha."

Mwaka wa vita Zuhra iliondoka bila kengele, kwa kuwa ulimi wake ulikatika na mafundi walikuwa hawajaumaliza. Haikurudi. Mwezi wa tatu nikaletewa waraka kwamba nilifute jina. Sikulifuta. Niliona kwamba nikipiga ule mstari mwekundu, mimi ndiye nitakayemzamisha ndugu yangu, nikauficha waraka katika mtoto wa meza, na katika vurugu za siku zile hakuna aliyeuliza.

Ratiba mkewe akajifungua. Siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, yumo katika ungo na chumvi ya kumkinga na kijicho imekwisha kumwagwa, akasema ataitwa Shawqi. Mimi, mkubwa wa nyumba, nikakataa, kwani kwetu mtoto hapewi jina la baba aliye hai. Hakupaza sauti.

"Shemeji," akaniuliza, "mimi ni mke au ni mjane?"

Nikamjibu, "Daftari halijasema."

Ndivyo ulivyoitwa Gharib. Miaka miwili mama yako hakukaa eda, wala hakuvaa nguo nyeusi. Kila asubuhi alifunika sahani ya maharagwe ya mumewe, na jioni akaila mwenyewe ikiwa baridi. Mficha maradhi, kilio humfichua: mkaguzi alikuja, akaukuta waraka, nikalifuta jina mbele yake nimesimama. Mwezi uleule alizaliwa mwanangu huyu, nami, Mungu anisamehe, nikamwita Shawqi. Ratiba alimbusu mtoto, akafunga mizigo, akaenda kwao, mji wa Rashid, na wewe mgongoni. Alipokufa sikwenda kumzika. Niliona haya.

Sasa sikilizeni. Alhamisi wanaishusha majini Zuhra ya tatu. Kengele iko chini ya kitanda hiki. Niliichukua kwa mafundi nikaandika kwamba ilizama na meli, na huo ndio uongo pekee katika madaftari yangu. Gharib ndiye atakayeipeleka, si Shawqi. Mkabidhi nahodha kwa mkono wako, na akikuuliza wewe nani, mtajie majina yote matatu: Gharib Shawqi Abdul-Shakur.

Chumba cha juu kinachotazama bahari kilikuwa cha mama yako, na sasa ni chako. Iqbal, ufunguo umo katika kikoti changu, mpe leo. Na mkeo, Gharib, nasikia yu karibu kujifungua. Akizaa mwanamume mwiteni Shawqi, nawe mwanangu usinung'unike kwamba jina lina mwenyewe. Nyumba si jeshi. Itawabeba wawili.

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Gharib, itoe. Ule ulimi niliurudisha mwenyewe nilipostaafu, nikauzungushia kitambaa isije ikalia watu wakasikia. Kifungue. Igonge mara moja.

Ndiyo. Ndiyo hiyo. Baba alikuwa akituambia...

Mungu awape umri wa kusameheana. Asiwape bahari kuwa kaburi. Shikaneni mikono, nione... sioni vizuri, lakini shikaneni.

Bado neno moja. Kaburi la mama yako kule Rashid halina jiwe. Wekeni jiwe. Andikeni kwa wino wowote... Ratiba... andikeni, mjane wa Shawqi. Mwambieni daftari limesema.