Meno ya Rodi Yaliyokwenda Upande

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yule aliyetuvusha mipaka yote mpaka tukakutana hapa Nyakuron, mjini Juba. Nimeombwa niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka. Sitamtaja mtu kwa jina. Wengine wamo humu ndani, na mtawajua kwa kicheko chao.

Niliacha shule darasa la sita. Sikufukuzwa. Karibu na shule palikuwa na mashine ya kusaga unga, na mkanda wake ulikuwa umepindwa mara moja kama namba nane. Nilitaka kujua kwa nini. Nikaenda kuuliza, nikabaki huko. Tangu hapo nimeishi hivyo: naingia mji, nashika kazi, nafungua kitu nione ndani kuna nini, nashindwa kukirudisha, nachukua begi naondoka. Bungoma niliacha redio ya watu mezani ikiwa vipande. Tororo ilikuwa pikipiki. Ya Gulu sisemi, maana naona mtu wa Gulu amekaa pale nyuma. Ndugu zangu, nawaambia, sikuwahi hata siku moja kurudi kuona kilichotokea baada yangu.

Hapa Juba nilipokelewa na fundi mmoja mzee, Mganda, mwenye karakana kule Kator. Anatengeneza pampu za visima, zile za kusukuma kwa mkono. Siku ya kwanza nilimwona amebana rodi ya chuma kwenye vaisi, imesimama wima, nene kama kidole. Juu yake ameweka kipande cha chuma cha mviringo chenye tundu katikati, na tundu lenyewe lina meno. Kinaitwa dai. Kinakaa kwenye mpini wenye mikono miwili, kama usukani wa baiskeli. Akazungusha. Rodi iliyokuwa laini ikatoka na meno ya bolti, safi, kama imezaliwa nayo.

Nilisimama pale nimeacha mdomo wazi. Ile bolti mnayoiona kila siku, kumbe kuna mtu alikaa akaichonga. Nikaanza maswali. Kwa nini dai lina upande wa juu na wa chini? Kwa nini unapiga tupa ncha ya rodi kwanza? Mbona unatia oili?

Mzee akanijibu kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Kijana, wewe iko na maswali mingi kuliko askari wa mpaka. Shika hapa. Zungusha nusu, halafu rudisha nyuma kidogo."

"Kurudisha nyuma kwa nini, mzee? Si tunapoteza wakati?"

"Chuma inakatwa, inatoa takataka. Usiporudisha, takataka inakaa kwa meno na inararua. Rudisha mpaka usikie tik. Halafu uende mbele tena. Na uangalie dai isilale upande."

Nilijifunza. Wiki tano nilikata meno mpaka viganja vikaota sugu. Lakini lile swali halikuondoka: je, usiporudisha nyuma, inakuwaje hasa?

Ikaja siku mzee ana malaria, na pampu ya mtaa wa jirani inahitaji kufungwa. Akanituma peke yangu. Kazi ilikuwa moja tu iliyobaki: kukata rodi ya juu kabisa kwa kipimo, kuichonga meno, na kuiunga na mnyororo wa mkono wa pampu. Rodi nyingine zote zinaning'inia hapo chini, zinategemea meno hayo.

Akina mama walikuwa kwenye foleni na jerikeni zao. Hakuna aliyekuwa akinitazama vibaya. Mimi nikajiambia, leo nitajua. Nikazungusha mbele tu, bila kurudi. Dai likawa zito. Nikalilalia kwa uzito wa mwili, nalo likainama upande. Niliona, wapendwa. Sitasema sikuona. Lakini nati iliingia, nikaikaza kwa spana, maji yakatoka, akina mama wakapiga vigelegele, na mmoja akanipa kisra, ule mkate wao mwembamba, na mboga. Nikala vizuri kabisa.

Siku ya nane rodi ikakatika pale pale kwenye meno. Rodi zote zikaanguka ndani ya bomba. Nilisikia habari nikiwa nanunua chumvi. Sikurudi karakana kwa mlango wa mbele. Nilipita nyuma, nikachukua begi, nikateremka bandarini.

Kulikuwa na boti kubwa la mizigo linalokwenda Bor, na labda mpaka Malakal. Sikuwahi kuona Malakal. Nikakubaliwa kupanda bure kwa kubeba magunia. Mwenye magunia alikuwa mfanyabiashara Msomali wa kutoka Garissa, tukawa tunaongea Kiswahili vizuri.

Ndipo akapita mama mmoja anatoka kuchota maji mtoni, jerikeni kichwani. Akanitazama, akasimama. Alikuwa wa ile foleni. Akaninyooshea kidole, akasema kwa sauti ya uchovu, "Moyo mafi."

Kumbukeni, karakanani tulikuwa Waganda na Wakenya watupu. Kiarabu cha Juba nilikuwa najua "mafi" tu, yaani hakuna. Basi nikasikia: huyu hana moyo. Gunia likanishuka begani.

"Mama, mimi nina moyo," nikamwambia. "Moyo ninao."

Akatazama miguuni pangu, akatazama nyuma ya begi langu. "Wen?" akasema. "Jibu!"

"Nijibu nini tena, mama? Nimekwambia ninao."

"Jibu!"

Yule Msomali alikuwa amekaa juu ya magunia, anacheka mpaka anafuta macho. "Ndugu yangu, moyo kwao ni maji. Anakwambia maji hakuna. Wewe unamwambia unayo. Sasa anauliza yako wapi, uyalete."

Naona mnacheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Mama hakucheka. Alisubiri aone kama nina maji kweli, alipoona sina, akaenda zake na jerikeni lake la maji ya mto yenye rangi ya chai.

Nikajaribu kubeba gunia jingine, likanishinda. Lilikuja swali ambalo sikuwahi kujiuliza popote nilipopita. Ile rodi ilikatikaje? Upande gani ulianza? Nilitaka kukiona kile kipande. Siwaambii kwamba nilikuwa mtu mwema ghafla. Nilitaka kukiona, na nilijua kilipo.

"Boti linaondoka," Msomali akaniambia.

"Liende salama," nikasema.

Nilimkuta mzee pale kisimani, bado ana homa, amejifunga sweta juani. Alikuwa na akina mama wanavuta mabomba juu, wazitoe rodi zilizoanguka. Nilitegemea kofi. Akanipa kipande kilichokatika.

"Unaona nini?"

Nikakigeuza. "Upande huu meno ni marefu. Upande huu ni mafupi."

"Kwa nini?"

"Dai lililala."

"Na hapa imeraruka?"

"Sikurudisha nyuma."

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia, mzee. Nilitaka kujua ingekuwaje."

"Basi umejua," akasema. "Sasa waambie hawa kwanza. Halafu ukate ingine."

Nikawaambia, mzee akatafsiri. Pampu haikuharibika yenyewe, niliiharibu mimi, nikakimbia. Bibi mmoja akauliza kitu, wote wakaangua kicheko. Mzee akasema, "Anauliza, ile kisra yetu utarudisha lini?"

Nikapiga tupa ncha ya rodi, nikatia oili, nikaweka dai sawa, nikazunguka rodi kuliangalia pande zote nne. Nusu mbele. Rudi, tik. Nusu mbele. Rudi, tik. Sikuharakisha, kwa sababu nilijua nikikosea mara ya pili hakuna atakayenipa chuma tena mji huu, na wale akina mama watarudi mtoni. Walisogea karibu. Baada ya muda bibi yule akawa anasema "tik" kabla ya chuma kusema. Nati iliingia kwa vidole viwili, bila spana, ikakaa sawa.

Tulisukuma mara nyingi, kukatoka hewa tu, kisha maji mekundu, kisha maji.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mzee wangu, ambaye hakunipiga na hakunifukuza. Nawashukuru akina mama wa kisima kile, na yule Msomali aliyenitafsiria, popote alipofika. Na wewe ndugu yangu uliyeharibu kitu mahali ukaondoka, sikwambii rudi kwa sababu wewe ni mbaya. Nakwambia rudi uone. Kile kipande kinakungoja kikufundishe, na hakuna mwingine anayeweza kukisoma kama wewe uliyekikata. Malakal bado natamani kuiona, sitawadanganya. Lakini yule mama wa bandarini sijamwambia mpaka leo kwamba nilimsikia vibaya. Alisema maji, mimi nikasikia moyo, na siku ile vyote viwili kweli sikuwa navyo.