Miguu ya Mbuzi wa Diriye

Kijiwe chetu cha Galbet kina benchi moja na kivuli cha mtu mmoja. Kivuli hicho kilikuwa cha Bishar, anayeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui." Siku hiyo mdomo ulimponza. Alijisifu kwamba Kaaha, binti yake wa gredi ya tatu, hakuna mtoto wa kumweza kwa hesabu. Guyo Redio, aliyekuwa akichomwa na jua ncha ya pili ya benchi, akatua kikombe cha kahawa akamwita binti yake Wato. Mtoto atakayeshindwa, baba yake akae juani! Wasichana walicheka tu, kwao ni mchezo. Bishar ndiye aliyetoka jasho, naye yumo kivulini.

— Wato hupiga hesabu usingizini, Guyo akaanza.

— Kaaha alijumlisha kabla hajaota meno!

— Wangu alizaliwa akauliza, "Tuko wangapi humu?"

Hapo mbuzi wa Diriye, mwenzao wa tatu kijiweni, wakaja wakitimua vumbi, mwenyewe nyuma yao.

— Hao! Bishar akasema. Atakayewahesabu kwanza ameshinda.

— Waryaa! Diriye akafoka. Mali ya mtu haihesabiwi, italiwa na jicho la husuda! Shemeji amewaleta juzi tu kutoka Eldas.

— Basi wahesabu miguu, Bishar akasema. Mguu si mbuzi.

Diriye akafikiri sana.

— Miguu haina neno. Lakini ole wake atakayegawanya!

Watoto wakainama, vidole mbio.

— Sabini! Wato akapiga benchi kofi.

— Sitini na nane! Kaaha akafuata.

— Profesa, ondoka, Guyo akasema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na leo maguu ni mengi.

— Aabo, sabini haiwezekani, Kaaha akamwambia babake. Ukigawanya kwa nne...

— Usigawanye! Diriye akaruka.

— Kwani niungue kwa sababu ya jicho? Bishar akalia.

— Bora uungue wewe kuliko mbuzi wangu wafe.

— Yupo mmoja wa miguu sita, Guyo akaapa. Wallahi, mbuzi wa Eldas hutembea na spea, kama lori.

Akatokea Fardosa, mwenye duka la nguo, na kipande cha shuka kilichotafunwa.

— Asalaam aleikum. Kuna mbuzi dukani kwangu anakula mashuka. Ni wa nani?

— Si wangu, Diriye akajibu. Wangu wametimia. Nawajua kwa sura.

Akawatazama. Mbuzi nao wakamtazama, wote weupe pee, masikio yaleyale. Akamsogelea Kaaha, akashusha sauti.

— Kaaha, mama... ile sitini na nane yako, igawanye. Lakini moyoni.

Kaaha akafumba macho, akayafumbua. Bishar akasimama kwa furaha.

— Mmeona? Huyo ni wangu!

— Tayari, adeer, Kaaha akamwambia Diriye. Shemeji yako alileta wangapi?

Diriye akamtazama Guyo. Guyo akamtazama Profesa. Profesa akafungua mdomo.

— Sijui.

Ndiyo mara ya kwanza tangu benchi lile lipigiliwe misumari. Alipogeuka aketi, Guyo alikuwa keshajinyoosha kivulini.