Kengele ya Alhamisi: Kumuaga Papa Bertin Kabamba

Kwa miaka ishirini na mitatu, vijana wa Klabu ya Korongo wameogopa kengele ya mlango siku ya Alhamisi jioni. Mtu aliyekuwa akiibonyeza, Papa Bertin Kabamba, mtunza uwanja wetu na mteuzi wa timu ya vijana, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa niaba ya timu. Nimekubali kwa furaha, ingawa hata sasa, nikiandika jina lake, natega sikio upande wa mlango.

Kwa wageni watakaosoma kijarida hiki siku ya sherehe, nieleze kidogo. Korongo ni klabu ndogo ya mpira wa Kiaustralia hapa Ganshoren, kitongoji cha Brussels. Mpira wetu una umbo la yai. Tunaupiga kwa mguu na kwa ngumi, na anayeudaka hewani baada ya teke hupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Ndiyo maana wachezaji wetu huruka juu sana, wakati mwingine juu ya migongo ya wengine. Wavulana na wasichana tunacheza pamoja. Tunaoingia uwanjani ni tisa, na wachache hukaa akiba. Sisi tuko wengi kuliko hapo, kwa hiyo kila wiki wapo wasiomo.

Papa Bertin alizaliwa Lubumbashi, akafanya kazi ya kuchomelea vyuma, akafika Brussels akiwa mtu mzima. Klabu ilimwajiri akate nyasi, afue jezi na afunge geti. Mchezo hakuujua. Siku yake ya kwanza alikuta mipira stoo, akaamini kwamba gari limeikanyaga, akachukua pampu ya baiskeli ili airudishe kuwa mviringo. Mmoja ulipasuka. Mwalimu wa Kiaustralia aliyeanzisha klabu alicheka mpaka akakaa kwenye matope, kisha akamfundisha kila kitu. Miaka michache baadaye mwalimu huyo alirudi kwao na kumwachia Papa Bertin filimbi. Tangu hapo, aliyefua jezi ndiye aliyeamua nani azivae.

Namna yake ya kuteua haipo katika klabu nyingine yoyote tunayoijua. Aliyemo kwenye orodha haambiwi kitu. Asiyemo anafuatwa nyumbani. Papa Bertin hakutaka mtoto aipate habari hiyo Jumamosi mbele ya wenzake, begi likiwa begani. Basi kila Alhamisi jioni alipanda baiskeli, mvua au baridi, akaenda Jette, akaenda Molenbeek, akabonyeza kengele, akamwambia mtoto ana kwa ana kwamba wiki hii hachezi, na kwa nini. Ulikuwa utaratibu wa heshima, na ulitutisha kuliko timu yoyote ya kutoka Antwerp. Nyumbani kwetu, Alhamisi tunakula tukiwa kimya. Jirani wa ghorofa ya tatu, ambaye husahau funguo na kubonyeza kengele zote, ameshanifanya niangushe uma mara nyingi.

Mwanzoni Papa Bertin alikuwa akiingia, anakaa, anakunywa chai, anauliza habari za wazee walioko Congo, na ndipo anasema lililomleta. Kwetu mgeni haulizwi amekuja kwa nini. Utaratibu huo uliwahi kuleta balaa. Alhamisi moja mke wake alimtuma apeleke pondu, mboga ya majani ya muhogo, kwa mama yake Jémima, aliyekuwa ametoka hospitali. Papa Bertin aliingia, akakaa, akasalimia, akala kidogo, akaaga. Jémima, mchezaji wetu mwenye mbio kuliko wote, alikuwa amejifungia chumbani akilia, akingoja aitwe aambiwe. Hakuitwa. Mama hakuuliza, mgeni hakusema. Jumamosi Jémima hakuja, kwa kuwa aliamini ameachwa. Papa Bertin alimtafuta uwanja mzima, na tulifungwa vibaya.

Kuanzia siku hiyo aliweka sheria mbili. Kwanza, Alhamisi hapeleki chakula kwa mtu yeyote. Pili, habari mbaya anaisema mlangoni, akiwa amesimama, kabla ya kuvua koti. Kwa wazazi wetu jambo hili lilikuwa gumu kumeza: mtu mzima asemee mlangoni kama mdai wa bili! Yeye alishikilia hivyo hivyo. Mtoto aliye nyuma ya mlango asingojeshwe, alisema, woga wake tayari ni mkubwa.

Sasa nifike kwa Éliézer, kwa sababu huwezi kuueleza moyo wa Papa Bertin bila kumtaja.

Éliézer ana miaka kumi na saba na anaishi Molenbeek, karibu na mfereji, na mama yake, Maman Rolande, anayetoka Bukavu na kufanya kazi ya kuwatunza wazee. Papa Bertin alimpokea akiwa mdogo, mwembamba, hawezi kupiga mpira ukafika popote. Alimweka nyuma ajifunze kulinda, kisha katikati ajifunze kukimbia, kisha mbele. Mwaka jana hapakuwa na kijana aliyeruka kama yeye. Habari zilienea, na tukaambiwa kwamba kocha mmoja kutoka Australia angekuja kwenye mashindano ya Pasaka kutazama vijana wa Ulaya.

Mwezi wa Oktoba Éliézer aliruka kudaka mpira, goti la mtu likampiga kwenye paji la uso, akaanguka chali. Alilala bila kujua alipo. Nilikuwa nimesimama karibu, na sitaki kuieleza sauti ile. Alipelekwa hospitali, akapumzishwa mpaka madaktari walipomruhusu. Aliporudi alikimbia kuliko zamani. Lakini kila mpira ulipotoka juu, alifumba macho. Wote tuliona. Hakuna aliyesema. Tuliogopa kwamba tukisema, litakuwa kweli.

Alhamisi ya kabla ya Pasaka, kengele ililia kwa Maman Rolande. Yaliyosemwa pale nimesimuliwa na Éliézer mwenyewe, na ameniruhusu niyaandike.

“Maman, unisamehe, nasema kwanza,” Papa Bertin alisema akiwa mlangoni, maji ya mvua yakimchuruzika. “Samedi, Jumamosi hii ya Pasaka, mutoto hachezi.”

“Papa Bertin, uko mu nyumba yangu, donc ingia, ikala,” Maman Rolande alijibu. “Hatusemake mambo ya vile na muntu iko wima.”

“Hapana, maman. Nikiikala, nitashindwa kusema.”

Aliposikia hivyo, Maman Rolande alikasirika. “Hii njo chance yake! Ule kocha anatoka mbali. Atarudia lini? Na weye unamutosha mu timu juu ya nini?”

“Anafunga macho.”

“Sifungi!” Éliézer alipiga kelele kutoka ndani. “Papa, siogopi!”

“Unaogopa, mwana. Hata mie naogopa. Hapa chini nimezunguka na kinga mpaka polisi wakaniangalia.” Kinga ni baiskeli, ndivyo wanavyoiita Lubumbashi. Kisha akamgeukia mama. “Bon. Kama wanamupiga tena kichwa, mie nitakuya hapa kukwambia nini, maman? Hiyo mulango, nitaipiga namna gani?”

Maman Rolande alirudi nyuma hatua moja. Alifunga mlango taratibu, na kwetu mlango kufungwa taratibu ni kubaya kuliko kubamizwa.

Tulikwenda mashindanoni bila Éliézer. Tulifungwa mechi zote. Kocha mgeni alikuja, akatazama, akaandika majina mawili ya vijana wa klabu nyingine, akaondoka. Wazazi kadhaa walisema wazi kwamba Papa Bertin amemharibia mtoto maisha, na kwamba mzee amechoka, heri apumzike. Yeye alikusanya jezi zilizojaa matope, akazitia kwenye mfuko, akazibeba. Jioni ile nilimwona akifunga geti, akilifungua, akilifunga tena. Nilijua kwamba hakuwa na uhakika kama amefanya sawa.

Jumatano iliyofuata, shule zilipofunga mchana, alimpigia Éliézer simu aje uwanjani. Éliézer hakuja. Wiki ya pili hakuja. Wiki ya tatu alikuja, akasimama mbali, mikono mfukoni, akasema amepitia tu. Papa Bertin alimrushia jezi mbichi iliyokunjwa. Haiumizi, hata ikikupiga usoni. Ilimpiga usoni. Walirushiana jezi hadi jioni.

Baadaye akaanza kutumia mpira, akiuandikia herufi kwa chaki. Éliézer alitakiwa aitaje herufi kwa sauti kabla ya kudaka. Nyasi zetu ziko karibu na kinamasi, kila kitu kina maji, chaki ilifutika, ikaandikwa tena. Siku moja Papa Bertin aliupiga mpira juu kabisa, na Éliézer akaita, “A!” akaudaka vizuri. Tukashangilia. Papa Bertin aliuchukua, akaugeuza, akatuonyesha. Haukuwa na herufi.

“Mubongo!” alisema, yaani mwongo, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka tulimsikia akicheka. “A umeiona wapi? Rudia.”

Alirudia, Jumatano baada ya Jumatano. Sitasema kwamba woga uliisha, maana Éliézer anasema haujaisha. Anasema sasa unakuja na yeye anautazama.

Mwezi huu ilifika orodha ya mwisho ya Papa Bertin, ya mechi ya kufunga msimu. Alhamisi hiyo Éliézer alikaa kwenye kiti karibu na mlango, viatu miguuni. Maman Rolande alipika, hakula. Kengele moja ililia chini, wote wawili wakasimama. Alikuwa mtu anayetafuta ghorofa nyingine. Giza liliingia. Maman Rolande alifungua mlango mwenyewe, akatazama ngazi juu na chini, akarudi. “Hakuna muntu,” alisema. “Hakuna muntu, mwanangu.” Ndipo wakala.

Jumamosi mpira wa juu ulikuja karibu na mwisho, wachezaji wawili wakimkimbilia kutoka pande zote. Nilitaka kufumba macho yangu, nikajilazimisha kutazama yake. Yalikuwa wazi. Aliruka, akadaka, akaanguka juu ya mgongo wa mtu, akainuka. Teke lake lilikwenda pembeni, hatukupata kitu. Papa Bertin aligeuka akajifanya anatafuta filimbi iliyokuwa shingoni mwake.

Lilibaki jambo moja tulilokuwa tukiliogopa kuliko orodha zote. Papa Bertin aliwaambia watu kwamba, hata akiacha kazi ya uwanja, ataendelea kuteua timu ya vijana. Kamati ya klabu iliamua vingine. Msimu ujao kocha mpya ndiye atakayeteua, na majina yatatumwa kwenye simu. Kila mtu katika kamati alikuwa na sababu ya kutomwambia. Tuliomba tumwambie sisi.

Juzi, Alhamisi jioni, tulikwenda nyumbani kwake Ganshoren. Tulijaa kwenye ngazi hadi ghorofa ya chini. Éliézer ndiye aliyebonyeza kengele, na nilimwona akifuta kidole kwenye suruali kwanza. Mlango ulifunguliwa. Papa Bertin alikuwa amevaa kandambili, taulo begani. Alitutazama, akatazama kalenda ukutani, akatutazama tena.

“Alors,” alisema polepole. “Leo ni mie.”

Mke wake, Maman Chande, aliita kutoka jikoni: “Batoto waingie, waikale, kuko beignets!”

“Unisamehe, maman,” Éliézer alisema. Alikuwa amesimama wima, macho wazi. “Nasema kwanza. Papa, saison inakuya hauko mu liste. Kocha mpya njo atachagula. Si juu ya kosa. Na Jumatano bado tutakuya, kama utakubali. Chaki tutaleta.”

Papa Bertin alishika fremu ya mlango. Tuliogopa kama hatujawahi kuogopa. Kisha akauliza, “Umemaliza kusema?”

“Nimemaliza, papa.”

“Bon. Umesema muzuri. Sasa ingieni.”

Tuliingia, tukala maandazi yale, na jambo hilo hatukulizungumzia tena.

Papa Bertin, kwa nyasi ulizokata, jezi ulizofua, na ngazi zote ulizopanda ili tusiaibike mbele ya wenzetu, timu ya vijana inakushukuru. Inamshukuru pia Maman Chande kwa Alhamisi zote alizokula peke yake. Hatujui kocha mpya atakuwaje, na bado tunaogopa, lakini tumefundishwa kutazama. Tunakuombea mapumziko yenye afya, safari ya Lubumbashi uliyoiahirisha mara nyingi, na Alhamisi tulivu. Kengele yako ikilia siku hiyo, fungua bila wasiwasi. Tumekuletea pondu tu.

Graciella, kwa niaba ya timu ya vijana ya Korongo