Mochama Orina na Minyoo ya Tafi

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wetu wa Kipkelion, walimu wenzake kutoka Sigor, na nyinyi nyote mlioacha majani chai na ng'ombe mkaja kukaa na sisi kwa hili tope, mimi ni Nyanchama, ninayemfuata marehemu kuzaliwa, na nimepewa kazi ya kuandika historia hii kwa sababu, kama alivyosema Baba Mdogo Mageto mbele ya kamati, "huyu hana kazi, ako na time", na ni kweli, niko nayo, nimekuwa nayo tangu graduation ya 2019. Nitasoma kwa utaratibu, kuzaliwa hadi kufa, lakini wengi mnajua kwamba wazee wameamua lile sanduku lake la vioo lizikwe naye, na kwamba Dkt. Ouko, aliyemfundisha chuo kikuu, alitoka Nairobi jana kulichukua akaambiwa angoje, kwa hivyo naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla jeneza halijainuliwa.

Marehemu Mochama Orina alizaliwa tarehe 9 Aprili 1987, katika hospitali ya misheni ya Kaplong, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Orina, aliyekuwa mtu wa boiler kwenye kiwanda cha chai, na Mama Nyabate, aliyechuma majani miaka ishirini na sita mpaka ikaletwa mashine inayofanya kazi ya akina mama thelathini na haiombi likizo. Tulilelewa kwenye laini za estate, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na pazia katikati, na upande wake wa pazia ulikuwa na mikebe ya konokono, buibui na viluwiluwi, vitu ambavyo Mama alimwaga kila Jumamosi na yeye akavijaza tena kila Jumapili baada ya kanisa.

Alisoma shule ya msingi ya estate kuanzia 1994, akafanya KCPE mwaka wa 2001, akajiunga na shule ya bweni na kumaliza KCSE mwaka wa 2005 kwa alama ya B plus, akaomba udaktari, akapewa Zoology, na hapa nyumbani ikatangazwa kwamba huo ni udaktari wa wanyama, kwa hivyo akaitwa mara mbili na majirani kuangalia ng'ombe anayeharisha, na kwa heshima akaenda mara zote mbili. Alihitimu tarehe 16 Desemba 2011, na Januari 2013 akateremka Pwani kufanya masters, mtoto wa chai ambaye hakuwa ameona bahari hata kwa kalenda.

Huko ndiko alikopata kazi ya maisha yake, na najua wengi wenu mlisikia tu kwamba "anafuga minyoo", so let me explain mara moja, vizuri. Samaki wa miamba ya matumbawe, tafi, changu, pono, ana matamvua, yale mekundu ya kupumulia, na humo ndani wanaishi minyoo bapa wadogo kuliko chembe ya chumvi, wenye kulabu mkiani za kujishikilia maji yasiwabebe, na kila aina ya mnyoo ina samaki wake, wa tafi ni wa tafi, ukimhamisha anakufa. Mochama alikuwa anafika sokoni mapema, anawaomba mama karanga, wale akina mama wa kukaanga samaki, matamvua kabla hawajayatupa, na mmoja wao akamuuliza, "Mwanangu, huko kwenu bara nyama imekwisha kabisa, mpaka mwala haya?", jambo alilotusimulia kila Krismasi akicheka peke yake. Kila mnyoo alimlaza juu ya kipande cha kioo, akamfunika kwa kioo kingine, akachora kulabu zake kwa mkono, moja moja, na ndivyo alivyojaza lile sanduku, vioo mia mbili na kumi na nne kwa miaka minne.

Masters aliimaliza Novemba 2016, mkataba wake kwenye mradi wa utafiti ukaisha Juni 2017 pamoja na mradi wenyewe, akarudi nyumbani na sanduku na shati mbili, akawa karani wa kituo cha majani, kisha kuanzia Januari 2019 mwalimu wa Biology wa BOM, yaani wa kulipwa na bodi ya shule, huko Sigor, ambako wanafunzi walimwita Mwalimu Kulabu, na nawaona wengine hapa, asanteni kwa kuja. Tarehe 8 Desemba 2018 alifunga ndoa na Dorine Ayoo, binti wa fundi wa kiwandani, na kwa wale waliosema wakati ule kwamba Mjaluo atakimbia umaskini wetu, Dorine ndiye aliyeketi hapo mbele, hajaenda mahali. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Gesare, aliyezaliwa tarehe 21 Februari 2020.

Sasa mnisikize kabisa. Kati ya vioo hivyo kulikuwa na vitano vyenye mnyoo wa tafi ambaye hakuna mtu duniani alikuwa amemwandika, na kwa desturi ya hiyo kazi anayemwandika wa kwanza ndiye humpa jina, naye akachagua jina la Mama, na Mama aliposikia alilia siku mbili, akisema, "Nimekosea nini mpaka mtoto anipe jina kwa mnyoo?", na Mochama akashindwa kumweleza kwamba hakuwa na kitu kingine kikubwa cha kumpa. Barua ya jarida la kisayansi kukubali makala yake ya huyo mnyoo ilifika tarehe 11 Machi 2024, na sharti moja, kwamba vile vioo vitano viwekwe makumbusho Nairobi, kwa sababu jina bila mnyoo mwenyewe halihesabiki, na yeye hakutaka kuvituma kwa parcel vivunjike, akasema atavipeleka kwa mkono wake likizo ya Aprili.

Wiki hiyo hiyo, mezani, alisukuma sahani ya ugali akashika kifua akasema, "Inakwama hapa." Mama akaniuliza mimi, si kwa sababu nyingine ila nimesoma, "Nyanchama, hii inaweza kuwa nini?", nami nilikuwa na simu mkononi, nimetoka kusoma regret ya kumi na saba ya kazi nilizoomba, we wish you all the best in your future endeavours, na kaka yangu amekubaliwa na watu wa ng'ambo kwa sababu ya mnyoo, nikajibu bila kuinua macho, "Si ni hiyo minyoo yake, imeshuka kooni." Ilikuwa wivu, watu wangu, niliuvalisha mzaha. Mochama alicheka, akasema, "Nyancha, hiyo inaishi kwa tafi, kwani mimi nina magamba?", lakini Mama hakucheka.

Kutoka Machi hadi mwisho wa Septemba marehemu alitibiwa minyoo. Alipewa vidonge vya duka la dawa, akapewa mizizi iliyochemshwa, akaombewa na akina mama wa kanisa wakiikemea minyoo ya baharini itoke, na kila mtu aliyeuliza aliambiwa, "Nyanchama amesema, na yeye ana degree." Ningeweza kusema lile neno lilikuwa la upuzi. Ningelisema siku yoyote ile, nikanyamaza, kwa sababu ningelazimika kusema pia kwa nini nililitoa, naye Mochama akameza kila alichopewa, kwa ajili ya Mama. Tarehe 3 Oktoba 2024 Dorine alichoka na sisi sote, akampeleka hospitali, wakashusha kamera kooni, ikawa saratani ya umio, iliyokwisha kutambaa mbali, ugonjwa ambao hapa kwetu kila mtu ana jirani aliyezikwa nao, na bado sisi tulikuwa tunafukuza mnyoo wa tafi. Alivumilia matibabu hadi tarehe 17 Mei 2025, saa tatu asubuhi, alipofariki akiwa na miaka thelathini na nane.

Kwa hivyo wazee, hilo sanduku mnalotaka lishuke kaburini ili lisimuue mwingine, halijaua mtu, na hofu yenu mliipata kwangu.

Leo asubuhi, akina mama wakipanga nguo zake, nilimwambia Mama yote haya, kwa Kikisii, polepole. Akaniuliza, "Hiyo mnyoo haiwezi kukaa kwa mtu?", nikamwambia haiwezi, akauliza, "Hata siku moja?", nikamwambia hata siku moja, halafu akauliza, "Na yeye alikuwa anajua?", na nikamwambia alijua tangu kidonge cha kwanza. Aliinuka akaenda akalitoa sanduku chini ya zile nguo, na kama mnavyoona analo mapajani mpaka sasa, na amesema akitoka kaburini atampa Dkt. Ouko yeye mwenyewe, mkono kwa mkono, alipeleke makumbusho. Baba Mdogo, with all due respect, kama bado unalitaka, muombe yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kuanzia Oktoba na hawakutuuliza tulikuwa wapi, majirani mliochanga maziwa, kuni na mabega, walimu na wanafunzi wa Sigor, Dkt. Ouko aliyengoja kwenye gari bila kulalamika, na Dorine, ambaye hatukumsikiliza.

Mochama, kaka yangu, neno langu nimelirudisha mbele ya watu, na limechelewa miezi kumi na minne. Pumzika kwa amani.