Beki wa Barafuni

Basi lilikuwa Soho Road, huku ughaibuni, pale mzee mwenye kilemba na mkewe, waliokaa mbele yangu, walipoacha Kipunjabi ghafla wakaingia Kiswahili cha Kisumu. Nadhani hawakutaka abiria waelewe. Mimi, muuguzi kutoka Eldoret, hawakunihesabu.

"Mama Sukhi, weka simu chini," mzee alisema. "Ukimpigia kocha, umemaliza kazi ya mtoto."

"Mtoto mwenyewe hakumbuki jana alikula nini kwangu," mama akajibu. "Tangu abamizwe kichwa kwenye ukuta wa uwanja wa barafu, mwanga wa dirisha tu unamtapisha. Na leo anataka kucheza!"

Kidogo kidogo nikaelewa kwamba kijana wao analipwa kucheza mpira wa magongo juu ya barafu, tena ni beki, yule wa kujitupa mbele ya washambuliaji.

"Beki huumia, ndiyo kazi yake," mzee alisema. "Mkataba unaisha mwezi huu. Wakisikia, watamwacha. Hatatusamehe, Mama Sukhi."

"Asinisamehe, basi. Anichukie akiwa na akili zake timamu."

Mzee alinyoosha mkono ainyakue simu. Mama akamgeuzia mgongo, akabonyeza. Niliisikia ikiita.

Basi likasimama, milango ikafunguka. Mzee aliinuka, akampisha mkewe atangulie. Mama hakusogea.

"Kocha? Mimi ni mama yake Sukhjinder," alisema kwa Kiingereza.

Mzee akashuka peke yake.